Kituo cha Halley kimejengwa mara sita, vinne vikafukiwa na theluji. Urithi wake uko wapi?

#1 Tabwe_la_Kusini

Wakuu salaam.

Halley ni kituo cha utafiti cha Waingereza huko Antaktika, juu ya bamba la barafu la Brunt, pembeni mwa Bahari ya Weddell. Kimejengwa mara sita na kila jengo lina namba yake ya Kirumi, Halley I hadi VI. Vinne vya kwanza vilifukiwa na theluji. Cha tano kilibomolewa na vyuma vyake vikapakiwa melini. Cha sita kina miguu na ski chini yake, ukisikia bomoabomoa unakikokota kama banda la mama ntilie.

Hoja yangu: mwaka 1956 walichagua mahali pabaya, na tangu hapo ni ukaidi tu. Port Lockroy iko kwenye mwamba, mbao zake za 1944 zipo, leo ni makumbusho na posta. Halley haina hata msumari wa mwanzo. Sasa wanaosema Halley ni urithi wa dunia wananionyesha kitu gani nikishike?

#2 Kipimajoto

Mahali hapakuchaguliwa kwa kukisia. Royal Society ya London, jumuiya ya wanasayansi wa Uingereza, ilikuwa inajiandaa kwa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958, na ilitaka kituo chini ya ukanda wa mianga ya kusini, ile taa ya kijani na nyekundu inayocheza angani usiku. Brunt iko vizuri kwa kazi hiyo. Pili, palikuwa na ghuba ndogo kwenye ukuta wa barafu ambapo meli iliweza kusogea na kushusha mizigo. Watu kumi wa kundi la kwanza, chini ya daktari wa jeshi la majini David Dalgliesh, walifika na meli Tottan na kituo kikaanza tarehe 6 Januari 1956. Kundi kubwa likaja mwaka uliofuata na meli Magga Dan.

Jina ni la Edmond Halley, mnajimu aliyezaliwa 1656. Miaka 300 kamili.

Kwa hiyo mahali pale palikuwa pazuri kwa kituo cha miaka miwili au mitatu. Hakuna aliyepigia hesabu miaka sabini.

#3 Mwinyi_Kikokotoo

Mnajimu tena? Mnajimu ni wa kupiga ramli, huyo ni mwanafalaki.

#4 Kipimajoto

Haya, mwanafalaki. Asante.

#5 Chaza

Halafu Halley hutamkwa "Hali". Kituo cha Hali cha kupima hali ya hewa, na hali yenyewe mbaya 😂

#6 Nahodha_wa_Likoni

Tabwe, hiyo ghuba aliyoitaja Kipimajoto haipo tena. Kituo kilianza kikiitwa Halley Bay. Barafu ikasogea, umbo la ukuta likabadilika, ghuba ikapotea, na mwaka 1977 jina likafupishwa kuwa Halley tu. Hata mahali penyewe pamehama, unataka msumari ubaki?

#7 Tabwe_la_Kusini

Nahodha unanipa ushahidi wangu mwenyewe. Asante.

#8 Fundi_Kalavati

Tuache majina, tuongee ujenzi, maana hapo ndipo penye somo.

Pale Brunt theluji huongezeka kama mita moja na kidogo kila mwaka na haiyeyuki. Kitu chochote ukikiweka chini, mwaka ujao kiko kiunoni, wa tatu hukioni. Bamba lenyewe linaelea baharini na linatembea kuelekea ukingoni, enzi za Halley V kama mita 400 kwa mwaka. Una maadui wawili: mmoja anakufukia, mwingine anakupeleka baharini.

Halley I, 1956: nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya theluji kama unavyojenga popote. Ikazama taratibu.

Halley II, 1967: nyumba za mbao tena, safari hii mapaa yakaimarishwa kwa chuma. Haikufika mbali, 1973 ikaachwa.

Halley III, 1973: hapa wakawa wajanja. Walitumia mapipa makubwa ya mabati ya mawimbi ya Armco, ndugu wa yale makalavati unayoyaona chini ya barabara zetu, wakaweka nyumba ndani yake. Theluji ifukie kalavati, nyumba ibaki na nafasi ya hewa pembeni.

Halley IV, 1983: majengo ya ghorofa mbili ndani ya mapipa ya vipande vya mbao za plaiwudi vinavyofungamana.

Kuanzia Halley V ndipo wakaacha kupigana na theluji na kuanza kuikwepa kwa juu.

#9 Mwinyi_Kikokotoo

Fundi, kalavati chini ya barabara hubeba lori. Kwa nini lishindwe na theluji?

#10 Fundi_Kalavati

Swali zuri. Kalavati la duara hubeba mzigo kwa kubanwa sawasawa pande zote. Chini ya barabara unajaza udongo kushoto na kulia kwa tabaka, unashindilia kila tabaka, ndipo unafunika juu. Ukijaza upande mmoja zaidi ya mwingine linageuka yai.

Sasa nenda Brunt. Theluji iliyoshindiliwa na uzito wake ina kama kilo 400 hadi 500 kwa mita ya ujazo. Mita 10 juu ya pipa ni tani nne hadi tano kwa kila mita ya mraba, na kila mwaka unaongeza. Barafu iliyo pembeni nayo haitulii: inanyumbuka, inavutika, upande mmoja unakimbia kuliko mwingine. Pipa linapindwa. Mabati yanakunjana, boliti zinakatika kwenye maungio, mlango uliokuwa wima unagoma kufunga.

Kuna na joto. Watu wanaishi humo, jiko linawaka, jenereta inanguruma. Joto likivuja theluji ya pembeni inayeyuka, maji yanateremka, yanaganda tena kuwa barafu ngumu chini ya sakafu. Sakafu inakaa mshazari. Ndiyo maana ile nafasi ya hewa baridi kati ya nyumba na pipa ilikuwa muhimu, ukiiziba ili "kuongeza joto" umejimaliza mwenyewe.

Njia ya kutokea ni shimo lenye ngazi, na kila mwaka unaliongeza urefu pamoja na mabomba ya hewa na ya moshi. Bomba la hewa likizibwa na theluji usiku wa dhoruba, moshi wa jenereta unarudi ndani. Moto ukitokea, watu wote wanategemea ngazi moja au mbili. Hapo ndipo unaelewa kwa nini kwenda chini kuliachwa.

#11 binti_Mlandege

Naongeza kwa Fundi: Halley III iliachwa 1984 na mwaka 1993 ikaonekana tena, ikichungulia kutoka kwenye ukuta wa barafu upande wa bahari. Miaka tisa bamba liliibeba mpaka ukingoni. Mabati yametokeza kwenye mkato wa barafu kama karanga kwenye kashata.

#12 Chaza

Kwa hiyo Tabwe alitaka makumbusho, yakaja yenyewe, yakajionyesha, yakazama. 😂

#13 Nahodha_wa_Likoni

Hapo kuna suala la sheria watu hawaligusi. Itifaki ya Mazingira ya Antaktika ilisainiwa Madrid 1991 na kuanza kutumika 1998. Inataka nchi iondoe taka zake, pamoja na za vituo vya zamani, ila kwa mambo mawili: kama eneo limetangazwa la kihistoria, au kama kuondoa kutaharibu mazingira kuliko kuacha. Kituo kilichofukiwa mita kumi na kitu ndani ya bamba linalotembea huwezi kukifukua bila balaa kubwa zaidi.

Halley V ilikuwa juu ya theluji, kwa hiyo haikuwa na kisingizio. Ndiyo ikabomolewa na kusafirishwa.

#14 Tabwe_la_Kusini

Sawa, ila ona orodha rasmi ya maeneo ya kihistoria ya Antaktika. Port Lockroy ni namba 61. Wordie House namba 62. Horseshoe namba 63. Stonington namba 64. Zote za Waingereza, zote ziko kwenye mwamba Rasi ya Antaktika. Halley yenyewe iko namba ngapi?

Kimya.

#15 Kipimajoto

Orodha ile ni ya vitu. Halley hazina yake ni tarakimu. Kuanzia 1956 mtu anatoka nje kwa saa ile ile, anasoma kipimo kile kile, anaandika. Jengo likifukiwa, daftari linahamia jengo jipya na safu ya namba inaendelea. Ukitaka kushika kitu, shika hiyo safu. Ndiyo iliyoonyesha tundu la ozoni, yaani kupungua kwa ile gesi ya juu angani inayotukinga na miale mikali ya jua.

Oktoba za miaka ya mwanzo wastani wa ozoni ulikuwa karibu vizio 300 vya Dobson. Kizio kimoja ni unene wa sehemu moja ya mia ya milimita kama ungeishusha ozoni yote juu yako mpaka usawa wa bahari kwa nyuzi sifuri, kwa hiyo 300 ni milimita tatu tu. Kufikia Oktoba 1984 ilikuwa chini ya 200. Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walichapisha hayo kwenye jarida la Nature tarehe 16 Mei 1985.

#16 Mzee_Pwaguzi

Sikubali hiyo sifa yote iende Halley. Mjapani Shigeru Chubachi, akitumia vipimo vya kituo cha Syowa vya 1982, alionyesha ozoni ndogo isiyo ya kawaida ya majira ya kuchipua ya kusini kwenye mkutano wa Halkidiki, Ugiriki, Septemba 1984. Miezi minane kabla ya Farman. Mbona hatajwi?

#17 Kipimajoto

Anatajwa, mzee, na ni haki yake. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na mwaka mmoja wa ajabu. Kwa mwaka mmoja huwezi kujua kama ni ajali ya hali ya hewa au ni mteremko. Farman na wenzake walikuwa na zaidi ya miaka 25 na wakaonyesha Oktoba zinashuka mfululizo, tena wakaweka gesi za CFC, zile zenye klorini zilizotumika kwenye friji, pembeni ya mchoro ule ule. Hoja ya urefu wa safu ndiyo hiyo hiyo ninayomwambia Tabwe.

#18 Mzee_Pwaguzi

Aliyeona kwanza na aliyeeleza vizuri si mtu mmoja. Mimi nabaki hapo.

#19 Msuka_Data

Na setilaiti je? Nimbus 7 ilirushwa Oktoba 1978 ikiwa na chombo cha kupima ozoni dunia nzima. Ilipita juu ya Halley kila siku. Kila mahali utasoma kwamba kompyuta za NASA zilitupa namba ndogo kwa kudhani ni makosa. Kwa hiyo binadamu na daftari walishinda kompyuta. Ndiyo hadithi.

#20 Kipimajoto

Hadithi tamu ila haiko hivyo hasa. Programu haikuzitupa, ilizitia alama ya shaka kila zilipoanguka chini ya 180, kisha zikasubiri mtu azikague. Wahusika walipozikagua waliona hazionekani kama kelele, zimekaa sehemu moja zote. Wakatafuta kipimo cha ardhini cha kulinganisha. Kituo cha Ncha ya Kusini kilikuwa kimetoa kama 300 kwa kipindi hicho, wakaona basi setilaiti ndiyo mbovu. Baadaye ikajulikana kosa lilikuwa kwenye namba za kule Ncha.

#21 Msuka_Data

Maelezo hayo yalitolewa na wahusika wenyewe baada ya mambo kuharibika. Mtu akikosa basi hukosi kusikia sababu.

#22 binti_Mlandege

Lakini data zilikuwepo, Msuka, na 1986 zilichapishwa zikionyesha tundu zima kwa upana wake. Kama zingetupwa zisingerudi.

Mimi naona jambo jingine: Halley walikuwa na shaka na chombo chao hicho hicho. Namba zilipoanza kushuka hawakukimbilia jaridani. Januari 1982 chombo kilibadilishwa, kikaja kingine, nacho kikaendelea kushuka. Wakalinganisha pia na kituo chao kingine cha Argentine Islands. Ndipo wakaandika. Ucheleweshaji huo ulikuwa uangalifu, na NASA nao walikuwa kwenye uangalifu wa aina hiyo hiyo.

#23 Chaza

Argentine Islands ndiyo ile Faraday waliyowauzia Waukraine kwa pauni moja?

#24 Nahodha_wa_Likoni

Ndiyo, Februari 1996. Sasa inaitwa Vernadsky na vipimo vya ozoni vinaendelea. Ilikuwa nafuu kuliko kubomoa na kubeba kwa sheria ya Madrid.

#25 Mwinyi_Kikokotoo

Kipimajoto, elezea hicho chombo cha Dobson. Daftari daftari, mtu anasoma nini?

#26 Kipimajoto

Ni sanduku refu la chuma, urefu wa mtu mzima. Ozoni hunyonya sana mwanga wa urujuanimno wa mawimbi mafupi, na kidogo tu wa mawimbi marefu zaidi. Dobson inachukua jozi ya mawimbi, mfano jozi A ni nanomita 305.5 na 325.4, jozi D ni 317.6 na 339.8. Mwanga unapita kwenye prizimu za kwatzi, unatenganishwa, halafu ule wenye nguvu unafifishwa kwa kabari ya kioo cheusi mpaka ulingane na dhaifu. Mpimaji anazungusha sahani mpaka sindano ya mita isimame sifuri, anasoma nambari ya sahani, anaandika na saa kamili. Jedwali na pembe ya jua vinampa ozoni. Kutumia jozi mbili pamoja, A na D, hufuta sehemu kubwa ya athari ya vumbi na ukungu.

Makosa yanapotokea:

Prizimu hubadilika kidogo na joto, kwa hiyo kuna wenzo wa kusahihisha mawimbi unaowekwa kwa kusoma kipimajoto cha chombo. Ukitoa sanduku ndani kwenye nyuzi 15 na kupima papo hapo nje kwenye hasi 30, kipimajoto kinasema hivi na prizimu inasema vile. Kwa hiyo huvalishwa blanketi nene.

Unyevu ukiingia, vioo vinaota barafu. Ndani huwekwa chembe za kukausha hewa na lazima zibadilishwe.

Jua likiwa chini sana, mwanga wa pembeni unaingia kwenye jozi A na kukudanganya kwamba ozoni ni ndogo. Mwezi wa Septemba Halley jua liko chini, hapo unahamia jozi C na D.

Na kila mwezi taa ya zebaki na taa sanifu kuhakiki kwamba chombo hakijahama. Ukiruka miezi, safu yako ya miaka haina maana, hata kama kila siku ulipima.

#27 Tabwe_la_Kusini

Hapa nimejifunza. Lakini bado: hicho ni urithi wa chombo na watu. Jengo lingeweza kuwa popote.

#28 Fundi_Kalavati

Lisingeweza. Kama ungehamia bara kwenye mwamba usingekuwa na safu ile ile ya mahali pale pale. Ndiyo maana wakavumilia kufukiwa.

#29 Msuka_Data

Mahali pale pale? Nahodha kasema bamba linatembea! Halley VI imehamishwa kilomita 23. Safu ya mahali gani hiyo?

#30 Fundi_Kalavati

😅 Umenipata. Ila kwa ozoni iliyoko kilomita 15 hadi 20 juu, kilomita 23 za kando si kitu. Kwa kupima theluji au mwendo wa barafu ni kitu.

#31 Mrembo_wa_Gigiri

Nawasalimu. Mnaongea Halley kama iko sayari nyingine, wakati sekretarieti ya ozoni inayosimamia Mkataba wa Vienna na Itifaki ya Montreal iko UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, Gigiri hapa Nairobi. Vienna ulisainiwa Machi 1985, miezi miwili kabla ya ile makala ya Nature. Montreal Septemba 1987. Na nyongeza ya 2016 ilipitishwa Kigali. Daftari la Brunt limeishia Afrika Mashariki, jamani.

#32 Fundi_Friji_Gerezani

Na limeishia kwenye friji. R-12, gesi ya friji ambayo ni moja ya hizo CFC, iliondoka kwa sababu hiyo, ikaja R-134a isiyokula ozoni. Sasa Kigali inaipunguza 134a kwa sababu ya joto la dunia, friji mpya za nyumbani zinakuja na R-600a.

Kwa wanaogeuza friji za zamani: R-12 ilitumia oili ya madini. Ukitia 134a juu ya oili hiyo havichanganyiki, oili inabaki kwenye evapareta, kompresa inakauka na kufa. Lazima oili ya POE, tena POE inanyonya maji hewani, usiache kopo wazi. R-600a inakubali oili ya madini lakini inawaka. Ujazo wake ni chini ya nusu ya R-12 kwa uzito, pima kwa mizani na si kwa geji. Na usiguse mrija kwa moto wa gesi kabla ya kutoa gesi yote na kupitisha naitrojeni.

#33 Chaza

Uzi umetoka Antaktika umefika Gerezani bila nauli.

#34 Msuka_Data

Ngoja, turudi nyuma. Nani alithibitisha ni CFC? 1985 kulikuwa na maelezo zaidi ya moja.

#35 Kipimajoto

Matatu makubwa. Moja, klorini ya CFC. Pili, mzunguko wa jua kuzalisha oksidi za naitrojeni. Tatu, hewa yenye ozoni ndogo kupanda kutoka chini, yaani hakuna kinacholiwa, ni upepo tu. Mwanasayansi Susan Solomon aliongoza msafara wa McMurdo, kituo cha Wamarekani Antaktika, 1986, na 1987 ndege ya utafiti ER-2 ikaruka kutoka Punta Arenas, Chile, mpaka ndani ya eneo lenyewe: klorini monoksidi inapopanda, ozoni inashuka, mstari kwa mstari. Oksidi za naitrojeni zilikutwa chache, kinyume cha maelezo ya pili. Mawingu ya stratosifia yanayotokea chini ya nyuzi hasi 78 hivi ndiyo yanayoamsha klorini gizani, na jua likirudi Agosti na Septemba kazi inaanza.

#36 Mzee_Pwaguzi

Upepo nao una mkono wake. Mwaka ambao mzunguko wa hewa wa ncha unavunjika mapema tundu huwa dogo, kama 2019, na klorini ipo vile vile.

#37 Kipimajoto

Kweli. Ukubwa wa mwaka mmoja mmoja ni hali ya hewa.

#38 Chaza

Ni Hali.

#39 Mwinyi_Kikokotoo

Fundi, uliishia Halley V. Malizia.

#40 Fundi_Kalavati

Halley V, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990: majukwaa ya chuma juu ya miguu ya chuma. Kila kiangazi wanaongeza vipande kwenye miguu na kulipandisha jukwaa kwa jeki. Theluji inapita chini. Ilidumu kuliko zote zilizotangulia. Kasoro: nyayo zimebaki chini kabisa kwenye theluji ya miaka ya nyuma na kila mguu unavutwa kivyake, kwa hiyo jukwaa linataka kupinda na kila mwaka unasawazisha. Kubwa zaidi, huwezi kulihamisha. Limeota mizizi kwenye bamba linaloenda baharini.

Jambo ambalo watu hawalitaji: pale pale Halley V kulikuwa na jengo moja la wageni wa kiangazi, Drewry, lililokuwa juu ya ski na kuvutwa kwa matrekta. Baba wa Halley VI ni huyo.

Halley VI ilifunguliwa rasmi Februari 2013. Mabehewa manane, saba ya bluu na moja kubwa jekundu katikati la kulia chakula na kupumzika. Msanifu ni Hugh Broughton. Kazi kubwa ya kutengeneza mabehewa ilifanyika Cape Town, halafu meli. Yamepangwa mstari mmoja kuukabili upepo wa mashariki, upepo upite chini na kufagia, theluji irundikane upande wa nyuma. Kati ya behewa na behewa kuna maungio ya mpira yanayonyumbuka kama ya treni.

Kupandisha: tingatinga linasogeza theluji. Mguu mmoja unakunjwa kwa haidroliki mpaka ski yake ining'inie, behewa linasimama kwa miguu iliyobaki. Theluji inasukumwa chini ya ski, inashindiliwa, ski inateremshwa. Kisha mguu unaofuata. Yote ikishakaa kwenye tuta, inasukumwa kwa pamoja na behewa linapanda. Linaloharibu kazi ni haraka: theluji iliyotoka kusukumwa inahitaji saa kadhaa chembe zake zishikane. Ukiipakia mzigo mapema ski inazama upande mmoja, behewa linainama na maungio ya mpira yanajikunja.

#41 binti_Mlandege

Umesahau ngazi ya mzunguko ya behewa jekundu, imepambwa kwa mbao za mwerezi wa Lebanoni. Ulichaguliwa kwa harufu, kwa sababu mahali pale hapana mti wala udongo wa kunusa na giza la baridi ni siku 105.

#42 Fundi_Kalavati

Mimi ni wa boliti, harufu nimekuachia wewe dada.

#43 Tabwe_la_Kusini

Kwa nini basi walihama kama miguu ilikuwa inafanya kazi?

#44 Nahodha_wa_Likoni

Ufa. Kulikuwa na ufa mkubwa unaoitwa Chasm 1 uliolala angalau miaka 35. Mwaka 2012 ulionekana kuamka. Wakaamua kuvuta kituo upande wa bara kabla ufa haujakitenga. Kiangazi cha 2016/17 mabehewa yakafunguliwa moja moja na kukokotwa kilomita 23. Wakiwa katikati ya maandalizi, Oktoba 31, 2016, ukagunduliwa ufa mwingine kaskazini, ukapewa jina la Halloween.

Februari 2021 kipande cha kama kilomita za mraba 1,270 kikakatika upande wa kaskazini, siwa la barafu A-74. Januari 2023 Chasm 1 ikamaliza kazi: siwa la A-81, kilomita za mraba 1,550. Pale Halley VI iliposimama kwanza paliondoka na siwa hilo.

#45 Msuka_Data

Ni joto la dunia?

#46 Nahodha_wa_Likoni

Wataalamu wa BAS, shirika la Uingereza la utafiti wa Antaktika, wamesema kukatika kwa A-81 si matokeo ya moja kwa moja ya mabadiliko ya tabianchi, mabamba hukatika kwa mzunguko wake. Kinachowashughulisha ni kwamba bamba lilikuwa limekwama kwenye kilima cha chini ya bahari, McDonald Ice Rumples, na kukwama huko kulikuwa ndiyo breki yake. Baada ya 2023 breki imeachia na mwendo umeongezeka.

#47 Mzee_Pwaguzi

Na wale pengwini wa kaizari wa Halley Bay, kundi lililokuwa la pili kwa ukubwa duniani? Barafu ya bahari ilivunjika 2016 kabla vifaranga hawajaota manyoya ya kuogelea, miaka iliyofuata hivyo hivyo. Hilo nalo ni mzunguko?

#48 Nahodha_wa_Likoni

Barafu ya bahari na bamba ni vitu viwili, mzee. Bamba ni unene wa mamia ya futi lililotoka bara, barafu ya bahari ni maji yaliyoganda ya msimu. Ila swali lako ni halali. Kundi lingine la Dawson-Lambton liliongezeka kipindi hicho, inaonekana wengi walihamia huko.

#49 Mwinyi_Kikokotoo

Na watu nao wamehama. Tangu 2017 Halley haikaliwi majira ya baridi. Sasa ile safu ya Kipimajoto, Oktoba inapimwa na nani? Watu hufika Novemba au Desemba.

#50 Kipimajoto

Ndicho kiini cha kazi ya sasa. Wameweka taabini ndogo ndani ya kontena, inatumia mafuta ya ndege, inalisha vyombo umeme miezi tisa bila mtu. Taabini ina sehemu chache zinazosuguana na haihitaji kubadilishiwa oili kila wiki kama jenereta ya dizeli. Ila ikizimika Juni hakuna wa kuiwasha kwa mkono. Kiwango ni kilowati chache tu, kwa hiyo kila chombo kinapigania umeme wake.

#51 Fundi_Kalavati

Hata watu wakiwepo umeme ni roho. Tarehe 30 Julai 2014 Halley VI ilipoteza umeme na joto kwa saa 19, watu 13 ndani, nje nyuzi hasi 55. Kazi zote za sayansi zikasimama isipokuwa hali ya hewa.

#52 Tabwe_la_Kusini

Nimesoma yote. Nabadili nusu ya hoja: mahali hapakuwa pabaya kwa kilichotafutwa. Nusu nyingine naishikilia. Kama urithi ni safu ya namba, na sasa namba inasomwa na mashine ndani ya kontena, basi Halley ya leo na setilaiti ya Msuka zina tofauti gani?

#53 binti_Mlandege

Taa ya zebaki. Setilaiti huwezi kuipandia kuipima, Dobson mtu atafika Desemba aihakiki.

#54 Msuka_Data

Kama bamba halijaondoka nayo.

#55 Fundi_Friji_Gerezani

Samahani kurudisha nyuma, kuna mtu kaniuliza pembeni: friji ya R-12 yenye kompresa nzima, usiigeuze kwenda 134a. Ukienda R-600a, weka filta mpya, badilisha oili kama imekuwa nyeusi, na kama hujui kushika gesi inayowaka mwite anayejua.

#56 Chaza

Kompresa inaitwa Halley VII.